Ukoo wa Konokono wa Kiganjo, Kuanzia Viti vya Nyuma

Mvua ya Aprili ikishaloweka udongo mwekundu wa Kiganjo, hapa Thika, magunia ya sukuma wiki yaliyopangwa kando ya ukuta wa ploti yetu hupata wageni wa usiku. Asubuhi moja mtoto wa jirani alinijia na konokono kiganjani, pembe zimesimama, akauliza: "Anti, huyu ni mdudu gani?"

Mama yake akawahi kumjibu kutoka jikoni: "Mdudu wa kumaliza mboga!"

Kwenye mboga sikubishana naye. Kwenye mdudu nilibisha. Mdudu ana miguu sita, na huyu ana mguu mmoja tu, anaoutembelea akiwa amelalia tumbo. Huyu ni moluska, mnyama wa mwili laini asiye na mfupa hata mmoja. Kati ya kila moluska watano waliopewa jina la kisayansi, karibu wanne ni konokono na koa, na jamaa zao wengi wako baharini, mamia ya kilomita kutoka kwenye gunia hili. Mtoto akataka kuwajua. Basi nikamtambulishia ukoo kama afanyavyo msemaji siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ila mimi nilianzia viti vya nyuma kabisa na kusogea mbele, nikihesabu kutoka tisa hadi moja.

9. Aliyeingia bila mwaliko

Angalia nguzo za gati pale Mombasa, au tumbo la jahazi lililovutwa nchi kavu kule Lamu. Utaona vikoko vyeupe, vigumu, vimeganda kama upele. Vina gamba na havisogei, kwa hiyo ukiambiwa ni moluska utakubali. Hata Georges Cuvier alikubali, naye ndiye Mfaransa aliyewapanga upya moluska mwaka 1795 kwa kutazama viungo vyao vya ndani.

Mwaka 1830 daktari wa jeshi aliyeishi Ireland, John Vaughan Thompson, akachapisha alichokiona kwenye hadubini: watoto wa vikoko hivyo huogelea kwa miguu yenye viungo, sawasawa na watoto wa kamba. Kumbe ni ndugu wa kamba na kaa waliojijengea nyumba za mawe! Walikuwa wamekula karamu ya ukoo wa wenyewe miaka yote hiyo, na hakuna aliyewadai kitambulisho.

8. Mzee wa mabamba manane

Huyu ni moluska kweli, ila wa mbali. Amejibana kwenye mwamba wa pwani akiwa amevaa mabamba manane mgongoni, yamepandiana kama mabati ya paa. Meno yake yamefunikwa madini ya chuma yanayonaswa na sumaku, na baadhi ya aina zake zina macho madogo ndani ya hayo mabati. Jamaa wa kumwamkia kwa heshima na kumpisha.

7. Pweza, na wenzake ngisi na dome

Mtoto alicheka nilipomwambia kwamba supu ya pweza ni supu ya binamu wa konokono. Lakini mpe pweza nafasi ajieleze: mioyo mitatu, damu ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo, na mdomoni ana ulimi wenye meno kama msasa, kifaa kilekile ambacho konokono wetu anakwangulia sukuma. Gamba amelivua, hana haja nalo. Dome bado analo, ila amelificha ndani ya mwili. Ule ubao mweupe mwepesi unaookotwa ufukoni na kupewa kasuku anoe mdomo ndio gamba lenyewe.

6. Chaza, asiye na kichwa

Sikumtukana. Chaza na kome hawana kichwa kabisa, wala ulimi wa msasa. Wana magamba mawili na bawaba katikati, maji yanaingia, chakula kinachujwa, maisha yanaendelea. Yule wa kwenye mizizi ya mikoko anaweza kumaliza umri wake bila kuhama hata hatua moja. Wapangaji wa Kiganjo wanaohama kila kodi ikipanda wangemwonea wivu.

Kuhusu nani akae karibu zaidi na konokono kati ya pweza na chaza, wataalamu hawajamaliza ubishi wao. Nimewapa viti hivi, na wakibadilishana sitalalamika.

5. Mwenye kofia

Sasa tunaingia nyumbani kwenyewe, kwa konokono wenye jina lao. Wa kwanza hafanani nao: gamba lake halijajisokota, ni kofia tu iliyobandikwa mwambani. Maji yakijaa hutoka kula mwani, kisha akarudi mahali palepale, ambako ukingo wa gamba lake umekwisha kulingana na jiwe. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walipima meno ya mmoja wa jamii hii, wakasema ni kitu chenye nguvu kuliko kingine chochote walichowahi kupima kutoka kwa kiumbe hai. Hata utando wa buibui umeachwa nyuma. Mwenye meno kama hayo hana sababu ya kuogopa mahindi ya kuchoma yaliyokauka.

4. Benchi la watatu

Hapa wamekaa watatu waliobanana, wa tawi moja, na kila mmoja ana kesi yake.

*Kauri* kwanza, maana ndiye anayejulikana. Gamba lake linang'aa kwa sababu akiwa hai hulifunika kwa nyama yake na kulilainisha siku zote. Ukiangalia hutaona msokoto, lakini upo. Akiwa mchanga anasokota kama konokono yeyote, kisha akikua anaufungia ndani. Linnaeus, yule aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimpa mmoja wao jina la fedha, *moneta*, mwaka 1758, na hakukosea. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walijaza meli kauri za Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi, zikatumike sokoni. Sisi tunaziita pia simbi, na hadi leo Mganda akizungumzia pesa anasema *ensimbi*. Noti zimebadilika sura mara ngapi, na konokono yuko palepale kwenye neno.

*Konokono mwenye umbo la koni* ni wa pili. Geuza koni ya aiskrimu, ichore ramani au kitambaa cha kufumwa, ndiye huyo. Tafadhali usimwokote. Ana jino lililogeuka mkuki wenye sumu, anamchoma nalo samaki na kummeza mzima, na yule mkubwa aitwaye *Conus geographus*, anayeishi pia katika miamba ya pwani yetu, ameshaua watu. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Hata hivyo, kutokana na sumu ya ndugu yake wa Pasifiki, *Conus magus*, ilitengenezwa dawa ya kutuliza maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2004. Kila mara ninapokumbuka jambo hilo nashukuru kwamba kuna mtu aliyekaa chini na kutenganisha koni huyu na koni yule. Mgonjwa aliyelala usingizi usiku huo anadaiwa shukrani na kazi ya kutoa majina.

*Konokono wa Mwea* ndiye wa tatu, naye haishi baharini. Asili yake ni Amerika Kusini, na mwaka 2020 aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, si mbali na hapa. Hutaga mayai ya rangi ya waridi juu ya mabua, nje ya maji, kana kwamba anatangaza. Ana shavu la kupumulia majini na pia pafu la kupumulia hewani. Wakulima wameingia mashambani kumwokota kwa mikono, na hasara wanaijua wao. Ukimtazama juu juu utamweka karibu na konokono wa gunia letu, kwa kuwa ni wa bara kama yeye. Hapana. Kwa damu, huyu ni ndugu wa kauri. Amevaa gumbuti za mkulima lakini kwao ni kwa akina simbi.

3. Koa wa bahari

Hapa mtoto alinyamaza, kwa sababu nilimwonyesha picha. Hana gamba. Ana rangi ambazo hata matatu ya barabara ya Thika hayajazifikia: zambarau yenye ukingo wa dhahabu, nyekundu inayopepea kama gauni. Wengine hula jamaa wa kiwavi wa bahari, wakaacha chembe zake zinazowasha zisilipuke, wakazihamishia mgongoni mwao ziwe silaha yao.

Na huyu koa ana mkono katika historia ya udongo tunaoukanyaga. Sir Charles Eliot, Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1904, ndiye aliyefungua milango walowezi wa Kizungu waje kuchukua nyanda za juu, na nchi ya huku ikageuzwa mashamba ya wageni. Mtu huyohuyo alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa koa wa bahari wa enzi yake, na aliandika kuhusu wale wa Zanzibar na pwani yetu. Hilo linaniuma. Jicho lililoweza kutofautisha koa wawili wenye urefu wa ukucha lilipanda huku bara, likatazama mashamba ya Wakikuyu, likaona nchi iliyo karibu tupu.

Sasa, kwa nini koa huyu wa chumvi akae mbele ya konokono wa Mwea? Mwaka 1848 mtaalamu wa wanyama Henri Milne-Edwards aliwagawa konokono mafungu matatu: wenye mashavu mbele ya moyo, wenye mashavu nyuma ya moyo, na wenye mapafu. Mpango huo ulidumu vizazi na vizazi. Lakini baadaye viungo vilipopimwa upya, hasa katika kazi ya Winston Ponder na David Lindberg ya mwaka 1997, kisha vinasaba vikasomwa, mafungu yale yakavunjika. Koa wa bahari na konokono wenye mapafu wakaonekana ni tawi moja.

Kuna ishara mbili unazoweza kumweleza hata mtoto wa darasa la tano. Kila konokono akiwa kiluwiluwi hujipinda mwili nusu duara, hadi choo kinakuja juu ya kichwa. (Mtoto aliomba nirudie sehemu hiyo mara tatu.) Kauri hukaa hivyo maisha yake yote. Tawi hili la koa limeukunjua kwa kiasi fulani ule mpindo. Ishara ya pili: kauri wana madume na majike, ilhali koa wa bahari, kama konokono wetu wa gunia, kila mmoja ni baba na mama kwa pamoja. Wakikutana wawili, hakuna wa kuuliza nani atatoa mahari.

2. Wa mtoni

Konokono wadogo wa maji yaliyotulia, wale wanaobeba vijidudu vya kichocho. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wenyewe Cairo mwaka 1851, na ugonjwa ukachukua jina lake. Wako aina mbili za kuangalia. *Biomphalaria* amejikunja bapa kama kamba iliyoviringwa, na damu yake ni nyekundu. *Bulinus* ni mwembamba: msimamishe ncha ikiwa juu, na mlango wa gamba lake utakuwa kushoto, tofauti na konokono wengi. Tofauti hiyo si ya mapambo. Wa kwanza hubeba kichocho cha matumbo, wa pili kile cha kibofu. Wote wawili hupanda juu kuvuta hewa, kwa kuwa ni wa tawi la mapafu.

Basi katika jaruba moja la Mwea anaweza kuwemo *Biomphalaria* na yule wa mayai ya waridi, wanakunywa maji mamoja, na mmoja ni wa upande wa gunia letu, mwingine ni wa upande wa kauri. Majirani kweli, lakini kila mtu na kwao.

1. Koa wa jani hilohilo

Hatukuhitaji kwenda mbali. Usiku tulitoka na tochi, mtoto, mama yake na mimi. Kwenye jani moja la sukuma walikuwa wawili: konokono na nyumba yake, na koa, mtupu, anang'aa ute. Tulimtazama konokono ubavuni, upande wa kulia chini ya ukingo wa gamba, tukaona tundu dogo likifunguka na kufunga. Anapumua. Tukamgeuzia koa tochi, naye ana tundu lake upande huohuo.

Linnaeus aliwatenganisha hawa wawili. Konokono alimweka kwa wenye magamba, koa kwa walio uchi, kana kwamba ameandikisha watu kwa makoti yao. Kumbe koa ni konokono wa nchi kavu ambaye vizazi vyake vilipunguza gamba hadi likaisha, na jambo hilo limetokea zaidi ya mara moja. Koa wa bahari alilivua la kwake kivyake huko, koa wa sukuma kivyake hapa, wala hawakupeana ushauri.

Nikawaambia pia kwamba konokono mkubwa wa Afrika Mashariki ni mwenyeji wa upande huu wa dunia na amesafiri kuliko wengi wetu. Mwaka 1966 mvulana mmoja aliingia naye Miami akitokea Hawaii, konokono watatu tu. Wazao wao walichukua karibu miaka kumi na dola milioni moja kumalizwa. Na hapo Juja, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kinafundisha watu kumfuga.

Mtoto aliwaokota wote wawili akawatia kwenye mkebe mmoja, kwa sababu, alisema, ni ndugu. Mama yake alikuwa ameshika pakiti ya chumvi. Aliitazama, akautazama mkebe, akairudisha jikoni.

"Haya," akasema akiwa mlangoni, "lakini moluska hao wakirudi kwa gunia langu, mtawalipia mboga."