Bolingi, Bolingo na Boringi

Matokeo ya darasa la nne yalikuwa yametoka, kifunga mimba wetu kapata A, na majirani wawili walikuwa wameshanipa mkono wa hongera kana kwamba mtihani niliufanya mimi. Mama Watoto akapika pilau. Katikati ya sahani ya pili nikatamka neno ambalo mtu mzima hapaswi kulitamka akiwa ameshiba: "Mwanangu, chagua popote unapopataka. Jumamosi baba anakupeleka."

Jibu nilikuwa nalo kichwani. Mtoto wa Nangara ukimwambia achague, atataka kupanda mtumbwi Ziwa Babati akawaone viboko, au chipsi na soda mjini. Yote hayo mfuko wangu unayamudu. Mtoto akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Nataka bolingi."

"Bolingi," nikarudia, kwa sauti ya mtu anayeifahamu.

"Ile ya kwenye katuni, baba. Unabiringisha mpira mzito, unaangusha pini."

"Najua, najua. Jumamosi."

Mama Watoto akanitazama. Bibi, yaani mama yangu mzazi, akaendelea kutafuta nyama kwenye wali, maana ananijua tangu sijaota meno.

Usiku ule binti yetu mkubwa, aliye kidato cha tatu, akanunua bando kwa fedha yangu akaingia mtandaoni. Mahali pa kwanza simu ilipotuletea ni Village Market, kule Gigiri, Nairobi. Nikapiga hesabu kwa vidole. Babati hadi Arusha ni kilomita kama 170. Hapo bado Namanga, bado mpaka na nyaraka zake, bado barabara ya kwenda Nairobi yenyewe. Watu watano, nauli, malazi. Kwa fedha hiyo ningenunua ndama, na ndama huyo angekua akatuangushia pini zote za kijiji.

Binti hakuwa na haraka ya kuzima simu. "Baba, unajua Rais Truman wa Marekani aliwekewa bolingi Ikulu mwaka 1947?"

"Basi," akasema Mama Watoto akizima taa, "na Baba Watoto atawekewa uani."

Jumamosi nikaamua kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Kijana wa bodaboda pale kijiweni hakuniacha nimalize sentensi. "Bolingo? Mzee, mbona pako? Panda." Zikaja boda mbili. Ya kwanza nikapanda mimi na mtoto, ya pili Mama Watoto na binti. Bibi akasema habaki, ikaitwa ya tatu. Msafara ukaondoka Nangara kama wa harusi, Mlima Kwaraa ukitutazama.

Tukashushwa mbele ya ukumbi ambao spika zake zilikuwa zinatikisa bati. Gitaa la solo lilikuwa linalia, mwimbaji anaita majina ya watu kwa Kilingala, na mhudumu akatujia na trei: "Karibuni wazee wangu, mnakunywa nini?"

Hapo nikaelewa. Bolingo kwa Kilingala ni mapenzi, na sisi Watanzania jina hilo tumelibandika kwenye muziki wa dansi wa Kongo kwa miaka mingi. Kijana wa boda hakuwa na kosa. Kosa ni la irabu moja.

"Baba, pini ziko wapi?" akauliza mtoto.

Nilipogeuka kumtafuta Bibi, alikuwa ameshakaza khanga kiunoni, yuko katikati ya ukumbi, mabega yanakwenda peke yake. "Kumbe hii ndiyo bolingi?" akanipigia kelele. "Si mngesema mapema! Hii nimeicheza kabla baba yako hajanioa!" Ilichukua nyimbo tatu kumtoa, na ya nne aliicheza mlangoni.

Nje nikamwuliza mzee aliyekuwa anauza magazeti, safari hii nikitamka polepole. Labda nilitamka polepole kupita kiasi, labda yeye ni katika wale ambao L na R kwao ni mtu na ndugu yake. "Boringi? Ipo. Zunguka nyuma ya stendi, ulizia fundi."

Tukazunguka. Tukakuta banda, mashine kubwa ya chuma, harufu ya oili, na fundi mwenye ovaroli ambayo rangi yake ya asili ameshaisahau. Akaniamkia, akaangalia nyuma yangu, akaangalia tena. "Mzee, bloku iko wapi?"

"Bloku gani?"

"Ya injini. Si mmekuja boringi? Silinda imekula kiasi gani?"

Kabla sijajibu, mtoto akapiga kelele ya furaha. Kwenye meza ya fundi pistoni zilikuwa zimesimama kwa mstari, zimeoshwa, zinang'aa. "Baba! Pini hizi hapa!" Akaanza kutafuta kitu cha kubiringisha. Fundi akasimama kati yake na meza kama golikipa.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole wa mtu aliyezoea wateja, "sisi hapa tunatoboa. Hatuangushi."

Tukarudi Nangara kwa miguu, kwa sababu fedha ya kurudia ilikuwa imebaki kwa vijana wa boda, nao hawarudishi. Mtoto hakulia. Angelia ningevumilia. Alikuwa ananyamaza, na kila baada ya hatua kumi anavuta pumzi. Ahadi ni deni, na mdai wangu alikuwa na umri wa miaka kumi.

Nilipoingia uani nikakumbuka neno la Mama Watoto la usiku ule. Nikamwita binti: "Hebu soma vipimo."

Akasoma. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni mita 18 na kidogo. Upana wa njia ni mita moja na kidogo. Pini ni kumi, zimepangwa pembetatu: moja mbele, kisha mbili, tatu, nne. Pini moja ina kimo cha sentimita 38 na uzito wa kama kilo moja na nusu. Mpira hauruhusiwi kuzidi kilo 7.26.

Sasa, chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa ina kilo moja na nusu. Nasema hivi ili msomaji ajue kwamba sikufanya ujinga bila hesabu. Chupa tupu za kuhifadhia maji tunazo nyingi stoo. Tukajaza kumi. Mpira ukapatikana jikoni: boga la Mama Watoto, la mviringo, kilo tano kwa mizani ya dukani. Njia ikawa turubai la kuanikia mahindi, tukalikunja mara kadhaa likawa refu na jembamba, likashuka na mteremko wa uwanja kuelekea kwa jirani.

"Baba," akasema binti, macho kwenye simu, "hapa wanasema njia hupakwa mafuta."

Hapo ndipo ilipoingia nusu lita ya mafuta ya alizeti. Mama Watoto alikuwa kisimani.

Mtoto akatupa kwanza. Boga likateleza kama lililoitwa, likazipita pini zote kumi bila salamu, likaingia mteremkoni, likatoboa uzio wa michongoma na kupotea. Tukasikia kuku. Tukasikia sufuria. Kisha jirani yetu mzee akatokea kwenye tundu na rungu mkononi, anahema. "Nilidhani kiboko wa ziwani amepotea njia mchana!" Alipoona ni sisi, akashusha rungu, akarudi ndani, akaja na vipande viwili. "Jirani, boga lako limekuja kututembelea. Limefika salama, limeondoka limepasuka."

Busara ingekuwa kuishia pale. Lakini mimi nikaona kasoro ni ya mtoto kutojua kukanyaga. "Angalia baba anavyofanya," nikasema. Nikachukua nusu ya boga, nikakimbia hatua tatu, ya nne nikaikanyagia turubai.

Nilichokiona baada ya hapo ni mbingu. Nilikwenda kwa mgongo, miguu mbele, kwa mwendo ambao bodaboda ingeuonea wivu, na nikazifikia pini zote. Kumi. Chupa mbili zilipasuka, nne ziliviringika hadi chooni, zilizobaki nilizikumbatia. Kukawa kimya, kisha mtoto akaruka: "Straiki! Baba amepata straiki!"

"Hapana," akasema binti, bila huruma, anasoma. "Mchezaji akivuka mstari ni faulo. Pini alizoangusha hazihesabiwi. Baba ana sifuri."

Mama Watoto alikuwa amesimama getini na ndoo kichwani. Akaitua. Akanitazama mimi, turubai, chupa ya alizeti. Hakusema neno. Akaingia ndani, akatoka na soksi yangu kuukuu iliyojazwa matambara, akaiviringa mpaka ikakaza. "Sisi tumecheza rede tangu darasa la kwanza," akasema. "Kulenga tunakujua. Pangeni."

Nikapanga mimi. Nimesoma kwamba Marekani walikuwa na vijana wa kuzipanga pini kwa mkono, mpaka zikaja mashine za kupanga zenyewe. Ya kampuni ya AMF ilionyeshwa mwaka 1946. Nangara mashine haijafika, kwa hiyo kazi ni ya baba. Mama Watoto akasimama nyuma ya mstari, akainama kidogo, akaiachia soksi. Chupa zilikuwa nane wakati huo. Ziliondoka nane.

Tulicheza hadi giza. Mtoto aliangusha sita, tano, kisha saba, na kila mtu kabla ya kucheza alilazimishwa kukodi kandambili zangu kwa shilingi mia mbili, kwa kuwa kwenye bolingi viatu hukodiwa. Fedha zote alipokea yeye. Bibi alikodi mara nne, akaangusha moja, akacheza bolingo kushangilia.

Usiku tulikula boga kwa maziwa. Lile lile. Nusu moja ilikuwa na alama ya michongoma na nyingine na alama ya kisigino changu. Mgongo uliniuma siku tisa, na turubai mpaka leo likianikwa mahindi kuku wanateleza.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kumwahidi mtoto popote, usimwahidi popote. Taja na wilaya.