Barua ya Wazi kwa Wakuza Mitaala: Tafadhali Usahihisheni Mto Kuja

Kwa Wakuu wa Mitaala ya Elimu,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Natumai barua hii itawapata mkiwa na maji kwenye mfereji.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa gredi ya nne hapa Rongo, na shida yangu ni ndogo. Tangu enzi zetu sayansi inafundisha kwamba maji safi hayana rangi, harufu wala ladha. Mto Kuja haukusoma kitabu hicho. Unateremka kutoka milima ya Kisii, ambako wenzetu wanauita Gucha, na mvua ikinyesha unatupitia huku ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watoto wetu wakichora mto, krayoni inayokwisha mapema ni ya kahawia. Sahihisheni kimoja, kitabu au mto.

Kwa upande wa vitendo, hongereni. Juzi wazazi wa mtaa mzima tulikuwa gizani tukitafuta chupa za plastiki, pamba, mchanga, kokoto na makaa, maana kichujio kilitakiwa shuleni asubuhi. Chupa ilikatwa kitako, ikapinduliwa, vitu vikapangwa ndani, maji ya mto yakamiminwa juu na kutoka chini yakiwa na haya kidogo. Watoto wakapiga makofi. Kisha wakafundishwa kuyachemsha na kuyatia dawa. Kila kazi ambayo mtoto anaweza kuyafanyia maji machafu wameijua. Aliyeyachafua ndiye asiyejulikana, na nadhani mmefanya vyema kumsitiri.

Tuna wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Migori, na wengine huinasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikifika mtoni, sufuria inayotokota haiiondoi, na klorini inaua vijidudu, haiui metali. Watu wa Minamata, Japani, walilijua hilo kupitia samaki wao. Wagonjwa wa kwanza wa sumu hiyo ya zebaki walitambuliwa 1956. Kenya nayo ilitia saini mkataba wa zebaki wenye jina la mji huo mwaka 2013. Lakini naelewa: swali la "nani aliimwaga?" halina majibu manne ya kuchagua A, B, C au D.

Jihadharini pia na mifano ya ughaibuni. Kanada, akina mama wa Anishinaabe, wenyeji wa asili wa Maziwa Makuu, wakiongozwa na bibi Josephine Mandamin, walianza mwaka 2003 kuyazunguka maziwa hayo kwa miguu ili kuyatetea maji yake, mkononi ndoo ya shaba yenye maji. (Mama zetu hubeba maji kila siku, na watoto hufika shuleni na vidumu vya lita tano, ila huku hakuna anayeyaita hayo maandamano.) Matokeo yake ni nini? Mjukuu wa kiukoo wa bibi huyo, Autumn Peltier, akiwa na miaka 12 tu, alimkabili Waziri Mkuu Justin Trudeau mwaka 2016 na kumwambia usoni kwamba hafurahishwi na maamuzi yake. Kwetu angetumwa nyumbani akalete mzazi.

Ndiyo maana naomba Katiba ya 2010 iwekwe mbali na watoto, pamoja na viberiti. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na mwandishi alisahau kuongeza "isipokuwa watoto". Cha 70 ni kibaya zaidi: anayekwenda kortini kuyatetea mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna aliyeumia. Halafu nyinyi wenyewe mnawafundisha barua rasmi! Kwa sasa wanamwandikia mwalimu mkuu kuomba ruhusa, na hakuna madhara. Kuna siku mmoja atabadilisha anwani tu, aandike ya bunge la kaunti.

Najua mtajibu kwamba maji si idara yenu. Kweli, Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti huduma za maji. Kaunti nayo ikiulizwa mbona watoto hawafundishwi haki ya maji, itasema shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Mpango huu ni mzuri sana, usiguswe. Ila binti yangu ameshaanza kuuliza nauli ya kutoka Rongo hadi Migori mjini, na ya kutoka Rongo hadi Nairobi. Amezijumlisha kwenye daftari la hesabu, kwenda na kurudi, na mwalimu amempa alama zote.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Rongo.