Santiago kwa Njia ya Gongo la Mboto

Viza ya Schengen isikunyime usingizi. Ile hija ya Camino de Santiago, kilomita zipatazo 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, inatembeka bila kutoka Dar es Salaam. Kutoka Msimbazi Senta, Ilala, hadi Kituo cha Hija Pugu ni kama kilomita 20. Nenda mara 39, kazi imekwisha. Ukiona nyingi, fanya kama wajanja wa kule: cheti hupewa hata aliyetembea kilomita 100 za mwisho tu, ndiyo maana mji wa Sarria, uliozidi kidogo umbali huo, hujaa mahujaji wenye viatu visivyojua vumbi. Kwako ni Pugu mara tano.

Alama ya hujaji wa Santiago ni gamba la kombe linaloning'inia begini. Ongeza fimbo na kofia pana. Kabla hujafika Tazara, mtu atakuvuta pembeni na kukuuliza kwa sauti ya chini kama unayo dawa ya mvuto wa biashara.

Kule njia huonyeshwa kwa mishale ya njano, kazi aliyoianzisha padri Elías Valiña miaka ya 1980 kwa kuzunguka na rangi yake. Usimwige. Huku, anayeonekana na brashi mbele ya ukuta ulio kando ya barabara kuu hachori mshale, anachora X, na utajibu maswali ya fidia mpaka jua lizame.

Sasa mihuri. Hujaji hubeba kijitabu kinachogongwa mihuri njiani, na katika kilomita zile 100 za mwisho ni angalau miwili kwa siku. Kule hata baa zinagonga. Huku muhuri ni mali ya serikali, una utaratibu wake. Anzia kwa mjumbe akuandikie barua. Mjumbe yuko msibani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji ametoka kidogo, ila koti lake liko kwenye kiti, maana yake yupo. Akirudi atasoma kijitabu ukurasa kwa ukurasa, zikiwemo kurasa tupu, kisha aulize: "Yaani unatoka Ilala kwenda Pugu kwa miguu. Na risiti za taka za miezi mitatu ziko wapi?" Pedi itakuwa imekauka. Ataupulizia muhuri pumzi, haa, haa, ataugandamiza kwa uzito wa mwili mzima, na kitakachobaki kwenye karatasi ni nusu ya duara. Huo ni mmoja.

Malazi hayana taabu. Kule ni bweni, vitanda vya ghorofa na watu wanaokoroma kwa lugha mbalimbali. Huku, omba kulala sebuleni kwa ndugu yako mkesha wa harusi.

Baada ya Gongo la Mboto acha lami, shika njia za miguu. Ila usidhani jaribu lenyewe ni vilima vya Pugu. Jaribu ni bodaboda atakayekufuata polepole tangu Uwanja wa Ndege: "Twende bosi, buku tatu." Mweleze kwamba unatembea kwa makusudi. Atashusha hadi buku, kwa huruma.

Ukifika, vua kofia. Wabenedikto walifungua misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikashambuliwa na kuchomwa katika vita vya Abushiri. Hapo si mahali pa kupiga selfi na kombe. Utawakuta kina mama wa jumuiya waliotembea usiku kucha na kandambili, bila gamba wala kijitabu, wameshasali na wanagawana maandazi. Watakukaribisha, watakuuliza parokia yako. Ukijibu Santiago, mmoja atafungua daftari, atashusha kidole taratibu hadi mwisho wa ukurasa, kisha akuangalie juu ya miwani: "Ninyi Santiago, mchango wa mwaka huu hamjaleta hata senti."