Heko kwa Ufunguo Uliopotea

Kuna ngoma inayochezwa Eldoret bila pigo wala mwimbaji. Mchezaji hujipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, halafu hurudi kwenye shati kana kwamba mfuko huo umepata muda wa kutubu. Huchezwa kando ya gari lililofungwa, na aghalabu mvua ya alasiri ikianza kudondoka. Wapita njia humwonea huruma mchezaji, bila kujua kwamba wanapaswa kumpongeza. Ufunguo wake umepotea, na sasa ndipo utakapofanya kazi ambayo haukuwahi kuifanya ulipokuwa unaning'inia kiunoni.

Kwanza, hukusanya watu. Mchukue mkulima mwenye Toyota Fielder aliyeingia mjini asubuhi na magunia mawili ya mahindi. Tangu alfajiri amesalimiana na watu watatu tu. Saa tisa ana jamaa ishirini. Mmoja ameleta waya wa kutundikia nguo. Wa pili ana binamu ambaye zamani aliwasha gari kwa kuunganisha nyaya chini ya usukani. Wa tatu, mama anayeuza mboga, anauliza kama magunia yale yalikuwa yameshonwa mdomo yaliposhushwa. Hilo ndilo swali la pekee lenye akili, kwa hiyo hakuna anayelijibu.

Binamu yule hakudanganya. Alizaliwa mapema tu. Katika magari ya enzi zake, nyaya zikigusana injini huunguruma na safari huanza. Lakini ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo wa Fielder mna chipu ndogo, ambayo katika funguo nyingi haizidi punje ya mchele. Haina betri. Ufunguo unapoingizwa, koili iliyozunguka tundu la kuwashia hutoa uga hafifu wa sumaku-umeme, na nguvu hiyo ndiyo inayoiamsha chipu itaje namba yake au ijibu fumbo inalotegwa. Jibu likilingana na lile lililo kwenye kumbukumbu ya gari, petroli na cheche huruhusiwa. Lisipolingana, unganisha nyaya zote za mji: mota ya kuwashia itazunguka, injini itakataa.

Gari haliulizi wewe ni mtoto wa nani. Mkulima amelilipia kwa mkopo wa Sacco, ameliosha kila Jumamosi, amelipeleka kanisani likaombewe, nalo halimjui hata kidogo. Linaijua punje ile tu. Ni nani mwingine angemfichulia siri hiyo ya nyumbani kwake isipokuwa ufunguo uliopotea?

Ukaidi huo una historia ya heshima. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari mapya tangu Oktoba 1998, na watafiti wawili wa Uholanzi, van Ours na Vollaard, walipokokotoa hesabu waliona kwamba kinga hiyo ya chipu ilipunguza wizi wa magari kwa takribani asilimia 40. Marekani haikulazimisha mtu. Kia na Hyundai waliuza huko magari mengi yasiyo na kinga hiyo, na kufikia 2022 vijana walikuwa wakiyaondoa kwa bisibisi na kichwa cha waya wa USB, huku wakijirekodi video. Binamu wa Eldoret angeheshimika sana kule.

Japani nayo, ambako magari mengi ya Kenya hutoka yakiwa hayajazidi umri wa miaka 8 unaoruhusiwa, haikuweka sharti hilo. Ndiyo maana baadhi ya magari ya bei nafuu ya kubebea mizigo yalikuja na ufunguo wa chuma kitupu. Huo ukipotea, hadhi yake ni ya chini: fundi huchonga mwingine, vumbi la shaba linaruka, habari imekwisha. Anayetaka kujua lake ni la aina gani atazame dashibodi akishazima injini, aone kama pana taa ndogo yenye picha ya gari na kufuli au ufunguo. Jambo jingine la kuhesabu ni funguo zenyewe. Magari mengi ya mtumba hufika na mmoja tu, wa pili umebaki ng'ambo ya bahari, na mwenye gari hakumbuki kuuliza hadi siku ya ngoma.

Wenye wivu watasema chipu nazo hudanganywa, na ni kweli. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walivunja siri ya biti 40 ya chipu ya Texas Instruments. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama ya Uingereza kuzuia utafiti mwingine wa aina hiyo usichapishwe, ukatoka 2015. Na ule ufunguo wa kisasa usiochomolewa mfukoni ndio dhaifu zaidi: mwaka 2011 wataalamu wa ETH Zurich walijaribu magari 10, yote yakafunguka kwa kupitisha tu mawimbi kati ya gari na ufunguo uliokuwa mbali. Ndiyo maana wengine huuhifadhi usiku ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Kwa mkulima wetu, fundi wa funguo alifika na mashine kwenye buti ya gari lake.

"Mzee, naomba logbuku."

"Iko nyumbani."

"Kitambulisho je?"

"Kiko ndani ya gari."

Jamaa ishirini wakacheka. Fundi hakucheka, na kwa hilo anastahili sifa kuliko wote, kwa maana fundi asiyeuliza humhudumia mwenye gari na mwizi kwa bei moja. Alifungua mlango kwa vyuma vyembamba, akasoma jina kwenye kitambulisho, akasubiri picha ya logbuku itumwe kwa simu kutoka nyumbani, ndipo akachonga ufunguo na kuchomeka kompyuta yake chini ya usukani.

"Ungekuja ukiwa bado na mmoja, mzee, ningekutolea nakala upesi na kwa bei nafuu. Sasa lazima tulifundishe gari upya."

Katika baadhi ya Toyota, kufuta kumbukumbu ya funguo zote huchukua dakika 16, na hakuna wa kuziharakisha. Katika dakika hizo mzee mmoja alisimulia kisa ambacho kila mtu wa Sisibo, yaani Eldoret, amekisikia: jinsi sefu ya benki ya kwanza ilivyoanguka kutoka kwenye mkokoteni mwanzoni mwa karne iliyopita, ikawa nzito mno kuinuliwa, benki ikajengwa kuizunguka pale pale. Mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024 ulikubali tangu utotoni kwamba kitu cha chuma kikigoma, binadamu ndiye anayehama.

Injini iliwaka. Jamaa walitawanyika bila kuaga.

Jioni mwenye duka la nafaka alipiga simu: amechekecha mahindi, amekuta ufunguo. Mkulima aliufuata, akaupangusa pumba, akauingiza kwa mapenzi ya miaka mingi. Ulizunguka vizuri. Mota ikalia, injini ikanyamaza, taa nyekundu ikapepesa kwenye dashibodi. Gari lilikuwa limekwisha kuusahau. Akashuka, akaujaribu mlangoni. Mlango, kwa kuwa hauna kompyuta, uliutambua mara moja. Akafunga, akautia kwenye mfuko wa shati.