Mlango wa Futi, Ukuta wa Mita

Anayetaka kujua kama ndoa yake ni imara, ajenge nyumba. Yetu ilivumilia mchanga, kokoto na bei ya saruji. Kilichokaribia kuishinda ni milimita 34.

Ramani ya nyumba yetu ya Kigamboni ilichorwa na msanifu aliyesomea kazi hiyo, kila kipimo kwa milimita. Fundi mwashi akaifuata vizuri, akaacha nafasi za milango kama alivyoelekezwa: 900 kwa 2100. Mume wangu, katika kuokoa muda, akampigia simu seremala wa Mbagala: “Nitengenezee fremu za mninga, milango ya kawaida.” Kwa seremala, mlango wa kawaida ni tatu kwa saba. Hakuuliza tatu za nini, kwa sababu karakana nzima kwake inapima kwa futi.

Fremu zikaja juu ya kirikuu, zimepigwa randa hadi zinang’aa. Saidia fundi wawili wakainua ya sebuleni. Ikagoma. Wakaigeuza, ikagoma vilevile. Mwashi akavuta futikamba ukutani, akasoma upande wenye sentimita: “Tisini. Mimi niko sawa.” Seremala akaichukua ileile, akaivuta kwenye fremu, akasoma upande wenye inchi: “Thelathini na sita. Na mimi niko sawa.”

Kweli, wote walikuwa sawa. Tangu makubaliano ya kimataifa ya 1959, inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Kwa hiyo futi tatu ni milimita 914, na futi saba ni 2,134. Fremu ilizidi ukuta kwa milimita 14 upana na 34 kwenda juu, hapo hata nafasi ya mota haijaachwa.

“Gonga kidogo hapo juu,” seremala akashauri.

“Hapo juu ni lenta, ina nondo,” mwashi akamjibu. “Wewe piga randa.”

“Huu mninga, kaka. Unajua bei yake?”

Mume wangu alinitazama mimi. Mimi nikazitazama kokoto.

Hatimaye pembeni pakachongwa kwa tindo, miguu ya fremu ikakatwa kwa msumeno, na milango yenyewe ikafupishwa mmoja baada ya mwingine. Mafundi wote wawili walilipwa upya, maana hakuna aliyekosea.

Tatizo hili si la mafundi wetu peke yao. Futi na inchi zilikuja na Mwingereza. Baada ya Uhuru nchi ikahamia mita, lakini kila fani ikahama kwa mwendo wake. Nondo ni za milimita 12, tofali ni la inchi 6. Bomba la majitaka tunaliita la inchi 4, na ubavuni limeandikwa milimita 110. Mbao ni mbili kwa nne, kitanda ni sita kwa sita. Kiwanja chenyewe tuliuziwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na aliyezitembea hatua hizo alikuwa mfupi. Kila fundi akiwa peke yake mambo huenda. Balaa huanza kazi ya mmoja inapokutana na ya mwenzake.

Ungedhani tulipata somo. Ikafika zamu ya marumaru za choo. Sakafu ni futi 6 kwa 8. Mume wangu akazidisha, akapata 48, kisha akatamka kwa kujiamini: “Mita moja ni futi tatu. Gawa kwa tatu: mita kumi na sita.” Mita moja ni futi tatu na inchi tatu na ushee, hilo lingesameheka. Lakini mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.8 hivi, kwa hiyo choo kilihitaji mita za mraba nne na nusu. Muuzaji alipakia mzigo bila swali, na risiti yake ilisema bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Marumaru zilizobaki zilikwenda jikoni, zikaenda barazani, na za mwisho zikaishia kwenye banda la kuku. Mama mkwe alipokuja kututembelea alilizunguka banda lile, akasema, “Mwanangu, kuku wenu wamejaliwa.” Mume wangu akakumbuka kwamba ana mtu wa kumpigia simu.

Wewe unayejenga, usimpe fundi namba bila kumwambia ni ya nini. Chagueni kipimo kimoja, kiandikwe kwenye karatasi ambayo mwashi, seremala na fundi bomba wote wanayo. Sakafu ya marumaru ipime kwa mita kabla hujazidisha chochote. Na advansi ya seremala isitoke mfukoni mpaka aje saiti apime mwenyewe ukuta uliokwisha kusimama. Akikataa kuja, tafuta mwingine. Maseremala Mbagala ni wengi.