Muulize Shangazi Kitasa

*Shangazi, shikamoo. Tuko vyumba vitano, mita ya LUKU moja. Kila chumba kinachanga 10,000. Mimi nina balbu na simu. Jirani ana friji, anauza barafu za ubuyu. Katikati ya mwezi hatufiki, giza. Baba mwenye nyumba nikimpigia anasema, "Elewaneni."*
— Balbu Moja, Mbagala

Marahaba. "Elewaneni" ni neno la mwenye nyumba anayelala kwenye mita yake peke yake.

Mwanangu, wewe hukupanga chumba tu, umewekeza kwenye barafu bila kujua. Dai gawio: ya ubuyu kila jioni, Jumapili ya ukwaju. Jirani akiona mtaji unalambwa, mwenyewe ataulizia fundi wa mita ndogo, ile inayosoma kila chumba na chake. Gharama yake mpelekeeni baba mwenye nyumba, mumwambie muelewane.

Kuna jambo hukuuliza. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa. Ndiyo maana tarehe mosi nyumba nzima inajidai imelala saa moja usiku. Deni hilo ni la mwenye jengo, si lako. Ujumbe wa tokeni usiufute. Siku ya kulipa kodi ya chumba mwonyeshe, mpunguze hapohapo. Hela ndogo, najua. Nimeshaona watu wakinuniana mwaka mzima kwa hela hiyohiyo.

*Shangazi, mpangaji wangu hajachelewesha kodi miaka mitatu, ila hanisalimii. Juzi kapita na kuku wa kuchoma, kimya! Nimpandishie?*
— Mama Mwenye Nyumba, Tabata

Mama, tuambizane ukweli. Kijana akisema "shikamoo," wewe unajibu "marahaba, saruji imepanda." Nani ataamkia tena? Sasa anatoka alfajiri viatu mkononi asikuamshe wewe na saruji yako.

Mpandishie, ahame. Chumba kikae kitupu miezi miwili, dalali akuletee bwana mwenye spika mbili na maneno matamu, anayekuamkia asubuhi na jioni na hana kodi. Au mpelekee sahani ya pilau, umuulize habari za kazini, kisha unyamaze. Hasa hapo kwenye kunyamaza.

*Mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mshahara wangu ni wa mwezi.*
— Mwalimu, Kinyerezi

Muulize kama unga naye hununua wa miezi sita. Akicheka, omba mitatu mitatu, mwandikiane, shahidi aweke saini. Asipocheka, tafuta kwingine.

Nyongeza kwa Balbu Moja: jirani yako wa barafu naye kaniandikia. Anauliza amfanyeje mpangaji mwenzake anayekula za ukwaju kwa mkopo tangu Pasaka.