Jinsi ya Kuwa Maestro Mjini Mbarara

Kwanza, ukumbi. Mbarara ni jiji tangu Julai 2020, ila Jumba la Taifa la Maigizo liko Kampala, lilikofunguliwa 1959, nawe huko hujaalikwa. Utapewa ukumbi wa hoteli: viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na feni inayozunguka inapopenda. Uite jumba kuu la tamasha. Wanakwaya wako, wakimbizi wa Kongo walioita mtaa wao New Congo katika makazi ya Nakivale, katikati ya Isingiro, hawatashindwa na hilo.

Kazi ya maestro huanzia kwenye gari. Bendi itangulie na Fuso, pamoja na spika, dramu na jenereta. Usimwamini anayekuapia kwamba umeme wa hotelini haukatiki. Kwaya ifuate kwa taksi. Mpaka mfike lami, marufuku kuimba: sherehe mnayoiendea, Siku ya Wakimbizi, huangukia 20 Juni, kiangazi, na kila afunguaye mdomo kwenye barabara za Nakivale humeza wilaya nzima.

Madaha ya mkono yasikusumbue. Sauti ya kwanza inamtazama mama kiongozi wake, mpiga solo anatazama vidole vyake, wa dramu amefumba macho. Wewe punga tu, nyuma kidogo ya dramu, ionekane mnaelewana. Fimbo usishike. Jean-Baptiste Lully wa Ufaransa alikuwa akigonga sakafu kwa fimbo kuongoza wanamuziki; akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa 1687.

Utakapong'ara ni kwenye nyimbo za itifaki. MC atawatambulisha kama wageni waliofika juzi. Msibishane naye, ingawa Nakivale ilifunguliwa 1958, miaka minne kabla ya uhuru wa Uganda. Wimbo wa taifa, kazi ya George Kakoma, ni mfupi. Ubeti utaisha mgeni rasmi akiwa bado anafunga koti. Kisha unakuja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliopitishwa 2010, nao ni wa Kiswahili. Hapo ukumbi hugeuka bubu. Waheshimiwa huchezesha midomo, wengine hushikwa na kikohozi, japo baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi 2022, mwaka uleule Kongo ilipoingia Jumuiya. Wakimbizi wako ndio wenye maneno yote, beti zote tatu. Usiwe na haraka. Punguza mwendo, rudia kiitikio, halafu wageukie wakubwa meza kuu na uwaashirie, kwa adabu zote, waingie na sauti ya tatu.

Baada ya hapo ni hotuba. Nyimbo zenu sita zitabaki mbili, na mojawapo iwe ya Kinyankole, hata mkiitamka kwa lafudhi ya Uvira: hiyo ndiyo itakayotuzwa noti.

Mkiondoka, omba risiti ya mafuta ya Fuso na uitie mfukoni. Mhasibu wa shirika linalowalipia safari hatakuuliza besi iliimbaje.